Diski ya mwanga au diski ngumu: mwongozo wa kuchagua mahali pa kuhifadhi faili

Studio nyingi za picha na video katika miji yetu ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, bado zina makabati yaliyojaa DVD za harusi, mahafali na maulidi zilizorekodiwa tangu miaka ya 2000. Majumbani nako, DVD ya harusi ya wazazi hukaa katika droo ya meza ya televisheni, ingawa deki iliyokuwa ikiicheza imekwisha kuharibika zamani. Kazi za siku hizi huishia kwenye diski ngumu moja ya nje, inayobebwa begini pamoja na kamera. Hali zote mbili zina hatari, kila moja kwa namna yake, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye studio ndogo, karani wa ofisi au mwanafamilia aliyekabidhiwa picha za ukoo, ambaye anataka kuamua aweke faili zake wapi ili ziweze kufunguliwa baada ya miaka kumi au ishirini.

Kwa diski za mwanga nakusudia CD, DVD na Blu-ray, ambazo huandikwa na kusomwa kwa mwali wa leza. Kwa diski ngumu nakusudia kifaa chenye sahani za sumaku zinazozunguka, kiwe ndani ya kompyuta au ndani ya kasha la nje lenye waya wa USB. Vifaa vya SSD na flashi haviingii katika ulinganisho huu. Hivyo huhifadhi data kwa chaji ya umeme, ambayo huvuja polepole kifaa kinapokaa muda mrefu bila kuchomekwa. Vinafaa sana kwa kazi ya kila siku, lakini sivipendekezi kwa kumbukumbu za kufungiwa kabatini.

Hatua ya kwanza: pima na upange faili zako

Kabla ya kwenda dukani, fungua kompyuta na ugawe faili zako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la faili zilizokamilika, ambazo hazitarajiwi kubadilika tena: cheti cha kuzaliwa kilichoskaniwa, hati ya kiwanja, picha za zamani za babu na bibi, filamu ya harusi iliyokwisha kuhaririwa, na hesabu za mwaka uliofungwa. Fungu la pili ni la faili ghafi zenye ukubwa mwingi, yaani video zilizotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa na picha ambazo hazijasafishwa. Fungu la tatu ni la faili zinazobadilika kila siku, kama hesabu za mwaka huu na kazi za wateja zinazoendelea.

Andika ukubwa wa kila fungu kwa gigabaiti, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayoamua mambo mengi yanayofuata. Chukua mfano wa harusi moja iliyopigwa kwa kamera mbili, kila kamera ikirekodi kwa saa tano. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hutumia gigabaiti 22.5 kwa kila saa, kwa hiyo saa kumi za harusi hiyo zinafikia gigabaiti 225. Filamu ya saa mbili anayokabidhiwa bwana harusi kwenye DVD, kwa upande wake, imeminywa ili iingie katika gigabaiti 4.7, tena kwa mistari 576 tu ya picha, ambacho ndicho kiwango cha DVD ya video katika mfumo wa PAL unaotumika kwetu. Mwenye kuhifadhi DVD hiyo peke yake amehifadhi kivuli cha kazi, na hakuna programu itakayomrudishia ubora uliobaki kwenye faili ghafi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba filamu iliyohaririwa itunzwe pia kama faili ya ubora kamili kabla haijageuzwa kuwa DVD.

Hatua ya pili: elewa jinsi kila kifaa kinavyoharibika

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayotoa sababu za maamuzi yote ya baadaye.

Diski ya filamu iliyotoka kiwandani na diski unayoichoma mwenyewe zinafanana kwa macho, lakini si kitu kimoja. Ya kiwandani imegongwa vishimo vidogo kwenye plastiki, navyo havifutiki kwa mwanga. CD na DVD tunazochoma zina tabaka jembamba la rangi ya kikaboni ambalo leza hulibadilisha ili kuandika data, na rangi hiyo huendelea kubadilika kwa jua, joto na unyevu hata baada ya kazi kukamilika. Hivyo DVD iliyochomwa na kuachwa juu ya dashibodi ya gari, au kwenye rafu inayopigwa na jua la saa kumi, inaweza kukataa kusomeka ilhali haina mkwaruzo hata mmoja.

Muundo wa diski pia hutofautiana. Kwenye CD, tabaka lenye data liko chini kidogo ya upande wa maandishi, likilindwa na vanishi tu, na kwa sababu hiyo mkwaruzo wa upande wa juu huua CD haraka kuliko mkwaruzo wa upande unaong'aa. Kwenye DVD, tabaka hilo limefungiwa katikati ya vipande viwili vya plastiki vyenye unene wa milimita 0.6 kila kimoja, vilivyogundishwa kwa gundi. Gundi ikianza kuachia pembezoni, hewa na unyevu huingia. Kwenye Blu-ray, data iko milimita 0.1 tu kutoka upande wa kusomea, na usalama wake unategemea ngozi ngumu iliyopakwa juu.

Chukua DVD ya zamani sasa hivi na uinyanyue mbele ya taa yenye mwanga mkali, upande unaong'aa ukikuelekea. Ukiona vitobo vidogo vinavyopitisha mwanga kama ncha za sindano, tabaka la kuakisi limeanza kuliwa. Igeuze polepole na uangalie ukingo wa nje: utepe wa rangi tofauti, mfano wa alama ya maji iliyoingia kutoka pembeni, huonyesha kwamba gundi imeachia. Madoa yenye matawi, yasiyofutika kwa kitambaa, huenda ni ukungu. Jambo hili halipaswi kupuuzwa katika nchi za joto, kwa kuwa mnamo 2001 watafiti wa Hispania walieleza habari za CD iliyotoka Belize, nchi yenye joto na unyevu, ambayo kuvu wa jenasi ya Geotrichum alikuwa amepenya kutoka ukingoni na kuharibu tabaka la data.

Diski ngumu hufa kwa njia nyingine. Ndani yake, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, huku sahani ikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Ukiigonga au kuiangusha wakati inazunguka, kichwa hugusa sahani na kuichuna. Umeme unaokatika ghafla katikati ya kuandika huweza kuvuruga mpangilio wa faili, na umeme unaorudi kwa nguvu kupita kiasi huweza kuunguza bodi yake. Hata isipopatwa na ajali, diski ngumu huchakaa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo hutumia maelfu kwa maelfu ya diski ngumu kuhifadhi data za wateja, imekuwa ikitangaza takwimu zake kwa zaidi ya miaka kumi, na katika miaka ya karibuni kiwango cha diski zinazokufa kimekuwa kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka. Kiwango hicho kinaonekana kidogo, lakini ni cha diski zinazokaa katika vyumba vyenye ubaridi na umeme tulivu, ambazo hakuna anayezibeba kwenye bodaboda.

Tofauti kubwa zaidi iko katika ukubwa wa hasara. DVD ikiharibika, unapoteza gigabaiti 4.7 na diski nyingine zinabaki salama. Diski ngumu ya terabaiti mbili ikigoma, harusi zote za miaka miwili hupotea kwa mkupuo. Kwa upande mwingine, diski ngumu iliyochomekwa inaweza kufutwa na mtoto anayecheza na kompyuta, au kufungwa na virusi vinavyodai fidia, kama vile WannaCry vilivyoenea duniani Mei 2017, ilhali diski ya mwanga ya kuandikwa mara moja haiwezi kubadilishwa na programu yoyote baada ya kufungwa, yaani kukamilishwa ili isiandikwe tena.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya nafasi, muda na gharama

CD hubeba megabaiti 700, DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, na ya matabaka mawili gigabaiti 8.5. Blu-ray ya kawaida hubeba gigabaiti 25, ya matabaka mawili 50, na aina ya BDXL hufikia 100 au 128. Harusi yetu ya gigabaiti 225 ingehitaji DVD 48, au Blu-ray 9 za kawaida, au takriban robo ya diski ngumu ya terabaiti moja.

Muda nao ni gharama. DVD moja iliyojaa, ukijumlisha kuchoma kwa kasi ya wastani na kuhakiki, huchukua kama robo saa, na ni lazima mtu awepo wa kuitoa na kuingiza nyingine; diski 48 zitakula saa 12 za mfanyakazi. Diski ngumu iliyochomekwa kwenye tundu la USB 3 huandika kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde au zaidi, kwa hiyo harusi nzima huhamishwa kwa chini ya dakika 40 bila mtu kuigusa. Hakikisha tu kwamba waya, diski na tundu vyote ni vya USB 3, kwa maana kimoja kikiwa cha USB 2 kasi hushuka hadi megabaiti 30 na ushei.

Kuhusu bei, gawanya bei ya kila chaguo kwa idadi ya gigabaiti utakazopata, kisha kwa upande wa diski za mwanga ongeza bei ya kichomeo, kwani kompyuta nyingi za mkononi zinazouzwa leo hazina tundu la kuingizia CD. Vichomeo vya nje vya DVD bado hupatikana kwa wepesi, lakini vya Blu-ray ni ghali na ni adimu katika maduka yetu. Kumbuka pia kwamba soko la diski hizi linapungua: Sony iliacha kutengeneza Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Diski zilizopo zitaendelea kusomeka, ila atakayetegemea diski za mwanga ajue kwamba kisomeo nacho ni sehemu ya kumbukumbu, na anunue cha akiba na kukitunza.

Hatua ya nne: fanya uamuzi

Kwa fungu la pili na la tatu, yaani faili ghafi na faili zinazobadilika, chagua diski ngumu. Sioni sababu ya kumshauri mtu yeyote leo achome DVD 48 za faili ghafi.

Kwa fungu la kwanza, yaani faili chache zilizokamilika, tumia vyote viwili: nakala moja kwenye diski ngumu pamoja na kazi nyingine, na nakala ya pili kwenye diski ya mwanga ya kuandikwa mara moja. Vyeti, hati, picha za ukoo zilizoskaniwa na filamu moja au mbili za muhimu kwa kawaida huingia katika DVD chache au Blu-ray moja, na hapo ndipo diski ya mwanga inapostahili gharama yake, kwa kuwa haifutiki kwa bahati mbaya, haina injini ya kukwama, na inaweza kutumwa kwa ndugu ndani ya bahasha.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ambayo wahifadhi wengi wanaifuata: nakala tatu, kwenye aina mbili tofauti za vifaa, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Ukiwa na uwezo wa nakala mbili tu, kitu cha kwanza cha kuzingatia kiwe kuzitenganisha kwa mahali. Nakala mbili zilizo katika droo moja huibiwa na mwizi mmoja na huungua kwa moto mmoja.

Hatua ya tano: choma diski ya mwanga kwa utaratibu

Nunua diski za kuandikwa mara moja, yaani zenye herufi R peke yake, na uache zile za RW, kwa sababu hizo zinaweza kufutwa na tabaka lake halikukusudiwa kukaa miaka mingi. Kwenye Blu-ray, soma pakiti kwa makini: nyingi zina tabaka la madini, ambalo hustahimili vizuri zaidi, lakini zilizoandikwa LTH zina rangi ya kikaboni kama DVD, kwa hiyo zikwepe. Zipo pia diski za M-DISC, zenye tabaka la madini lililotengenezwa makusudi kwa ajili ya kumbukumbu, ambazo watengenezaji wake hutangaza kwamba zitadumu miaka 1,000. Dai hilo limetokana na majaribio ya kuzeesha diski kwa joto na unyevu katika maabara, kwa hiyo lichukulie kuwa dalili ya uimara na usilichukulie kuwa dhamana. Ukinunua DVD za aina hiyo, hakikisha kichomeo chako kimeandikwa kwamba kinazikubali, kwani zinahitaji leza yenye nguvu zaidi wakati wa kuchoma, ingawa zikishachomwa husomwa na kisomeo chochote cha DVD.

Unapochoma, usichague kasi ya juu kabisa wala usiijaze diski hadi mwisho. Data huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoanza kuharibika na kushikwa na vidole. Ukiacha sehemu ya kumi bila kuandikwa, unajiongezea usalama kwa gharama ndogo. Weka alama kwenye kisanduku cha kuhakiki baada ya kuchoma na kwenye kile cha kufunga diski. Usibandike karatasi yenye gundi juu ya diski, kwa sababu huifanya ikose ulinganifu inapozunguka na gundi yake huathiri tabaka la chini. Andika namba fupi kwa kalamu laini yenye wino wa maji kwenye duara angavu la katikati, kisha maelezo marefu yaende kwenye karatasi ya kasha.

Hatua ya sita: nunua diski ngumu mbili na uziandae

Nunua mbili, si moja kubwa. Ukiweza, ziwe za watengenezaji tofauti, au uzinunue kwa nyakati tofauti, kwa kuwa diski za toleo moja zinaweza kuwa na kasoro moja na kufa kwa karibu. Usishtuke ukiona diski ya terabaiti moja inaonyesha gigabaiti 931 kwenye Windows: mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024, na hujaibiwa chochote. Udanganyifu wa kweli upo kwenye vifaa vya bei ya kutupa vinavyodai terabaiti nyingi, ambavyo ndani yake mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa ili iripoti ukubwa wa uongo. Faili za mwanzo huingia vizuri, zinazofuata hupotea bila onyo. Popote utakaponunua, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au mtandaoni, jaza kifaa kipya kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla ya kukikabidhi faili yoyote. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, nayo huonyesha pia diski yenye hitilafu za kiwandani wakati risiti na dhamana bado ni hai.

Mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga faili zake, nao una uzito wake. FAT32 haikubali faili inayofikia gigabaiti 4, kwa hiyo haifai kwa video. NTFS ni imara kwa wanaotumia Windows peke yake, lakini Mac huisoma bila kuweza kuiandika. Anayebadilishana kazi na watu wa pande zote mbili achague exFAT, huku akijua kwamba hiyo huvurugika kwa urahisi zaidi waya ukichomolewa ghafla; ni lazima kila mara aamuru kompyuta itoe diski kwa usalama na asubiri taa itulie.

Diski inapofanya kazi, iweke mezani palipo tambarare na usiihamishe. Kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS, hata ndogo, ili umeme ukikatika upate dakika chache za kufunga kazi. Diski ya pili, ile ya nakala, ichomekwe siku ya kunakili tu, kisha irudi mahali pake; diski isiyochomekwa haifikiwi na virusi wala radi. Ikiwa ina picha za wateja au nyaraka za siri, ifunge kwa nenosiri kwa kutumia BitLocker au VeraCrypt, na uandike nenosiri hilo kwenye karatasi inayotunzwa na mtu unayemwamini, kwa sababu likisahaulika hakuna fundi atakayeifungua.

Hatua ya saba: hakiki, kisha uendelee kuhakiki

Kunakili bila kuhakiki ni nusu ya kazi. Njia ya uhakika ni kukokotoa muhtasari wa SHA-256, ambao ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na yaliyomo ndani ya faili. Faili ikibadilika hata kwa biti moja, mfuatano wote hubadilika. Windows ina amri ya certutil na Mac ina amri ya shasum kwa kazi hii, na zipo programu za bure zinazofanya hivyo kwa folda nzima. Hifadhi orodha ya mihutasari hiyo pamoja na faili zenyewe, na nakala nyingine kwingine.

Kila baada ya miezi sita, chomeka diski ngumu ya nakala, iache izunguke, na uitazame kwa programu kama CrystalDiskInfo, inayosoma taarifa ambazo diski hujiwekea. Angalia hasa idadi ya sekta (vipande vidogo vya sahani vinavyobeba data) zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu, na idadi ya sekta zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa sifuri, endelea. Zikianza kupanda, nunua diski nyingine wiki hiyo hiyo. Sikiliza pia. Mvumo wa kawaida ni wa kufululiza, wenye mikwaruzo midogo ya kichwa kinapohama. Ukisikia kishindo kidogo chenye mapigo yaliyolingana, tak, tak, tak, kikifuatiwa na kimya, chomoa waya na usijaribu tena, kwani kila jaribio huongeza uharibifu na kumpunguzia uwezo mtaalamu wa kuokoa data. Hata diski ambayo haijaonyesha dalili yoyote, baada ya miaka mitano hivi ipe kazi nyepesi na uhamishie kumbukumbu kwenye mpya. Diski za mwanga, kwa upande wake, zisomwe zote mara moja kwa mwaka, kila faili, na zilinganishwe na orodha ya mihutasari.

Hatua ya nane: chagua mahali pa kuziweka

Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2003, unapendekeza CD na DVD zikae katika nyuzijoto 4 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Pwani yetu haina hali hiyo: mchana joto hufika nyuzi 30 na unyevu mara nyingi hupita asilimia 70. Basi fanya linalowezekana. Chagua kabati la ndani lisilopakana na ukuta wa jua, lililo mbali na jiko na bafu, na uweke diski ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na pakiti za jeli ya silika, ambazo zikilowa hubadilishwa. Diski za mwanga zisimame wima, kila moja katika kasha lake. Usiweke chochote kwenye jokofu, kwa sababu ukikitoa, umande hujijenga juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo, diski ngumu iliyotoka katika chumba chenye kiyoyozi iachwe ndani ya mfuko wake kwa muda kabla ya kuwashwa mahali pa joto. Mkaaji wa Tanga mwenye ndugu Lushoto ana bahati ya pekee, kwani nakala ya pili ikikaa mlimani inapata ubaridi na inakuwa mbali na nyumba kwa wakati mmoja.

Hatua ya tisa: hamisha DVD za zamani ungali na nafasi

DVD zilizochomwa miaka 15 au 20 iliyopita zisisubiri. Anza na za kale zaidi, zisizo na jina la mtengenezaji, za RW, na zile ulizoziona na vitobo au utepe ulipozimulika. Ifute kila moja kwa kitambaa laini kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe, kisha unakili folda yote ya VIDEO_TS, ambamo DVD ya video huweka filamu yake, kwenye diski ngumu, badala ya kuchukua faili moja moja.

DVD inayosita haijafa. Ijaribu kwenye kisomeo kingine, kwa kuwa leza za visomeo hutofautiana katika kuvumilia makosa, na mara nyingi kichomeo cha nje kilichochakaa kidogo hushindwa pale ambapo kipya kinafaulu. Programu ya ddrescue husoma kwanza sehemu zote zilizo nzima, ikiandika ramani ya zilizokataa, halafu inazirudia. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuhamishia diski kwenye kisomeo cha pili na kuendelea na ramani ile ile, hadi vipande vilivyopatikana huku na huku vikamilishe faili moja. Ikiwa kompyuta inaona DVD kuwa tupu ingawa upande unaong'aa una duara lenye rangi tofauti kidogo, yaelekea ilirekodiwa kwenye deki ya kurekodia na haikufungwa. Tafuta deki ile ile, au ya aina ile ile, uifunge humo, kisha uirudishe kwenye kompyuta.

Ukishanakili, tazama filamu mwanzo, katikati na mwisho, kwa kuwa mwisho wa filamu uko karibu na ukingo na ndio unaopotea kwanza. Tengeneza muhtasari wa SHA-256, nakili kwenye diski ngumu ya pili, na uirudishe DVD ya asili kwenye kasha lake. Usiitupe mpaka nakala zote mbili zimekwisha kuhakikiwa, na juu ya kasha andika tarehe uliyoinakili, jina la folda ilimo sasa, na jina la mtu anayetunza nakala ya pili.